Maswali na Majibu: Kukagua ufuatiliaji wa matukio kwa kila prosesa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwandishi wa programu hapa Morogoro. Mwenzangu kazini ameleta mfululizo wa mabadiliko katika emuleta yetu, yaani programu inayoigiza kompyuta nyingine, ambayo tuliijenga juu ya toleo la zamani la QEMU, emuleta inayojulikana sana, ili matukio, yaani sehemu za msimbo zinazoandika katika faili kila jambo fulani linapotokea, yaweze kuwashwa na kuzimwa kwa prosesa mojamoja badala ya mashine nzima. Nimepewa kazi ya kuyakagua. Msimbo unakompaili bila kosa na majaribio yote yamepita. Je, niyapitishe?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushauri usiyapitishe bado. Katika kazi ya aina hii makosa mabaya zaidi hayaangushi programu: mashine inayoigizwa inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila faili la matukio linakosa mistari, na mtu atakayelisoma ataamini kwamba jambo fulani halikutokea ilhali limetokea.

Anza kwa kuuliza hali ya kila tukio inatunzwa wapi. QEMU ilipoingiza uwezo huu katika toleo la 2.7 la mwaka 2016, kila tukio liliwekewa hesabu ya prosesa zilizoliwasha, na kila prosesa ikapewa safu ya biti (alama za ndiyo au hapana), biti moja kwa kila tukio linaloweza kuwashwa kwa prosesa mojamoja. Msimbo huangalia hesabu kwanza. Ikiwa ni sifuri hupita moja kwa moja, na ikizidi sifuri ndipo hutazama biti ya prosesa husika. Mpangilio huo una sababu yake, kwa kuwa matukio mengi huwa yamezimwa karibu wakati wote, na hayapaswi kumgharimu mtumiaji ambaye hakuyaomba. Mwombe mwenzako vipimo vya kasi, kabla na baada ya mabadiliko, matukio yote yakiwa yamezimwa.

Kisha hakikisha hesabu na biti haziachani. Fungua kitendaji kinachowasha tukio uone kama kinalinganisha hali ya zamani na mpya kabla ya kuongeza moja. Kisipofanya hivyo, amri ileile ikitolewa mara mbili kwa prosesa ileile itaongeza mbili, na hesabu haitarudi sifuri tena. Angalia pia prosesa inayoondolewa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, kwani nayo inapaswa kupunguza hesabu za matukio iliyokuwa imeyawasha, na vilevile matukio yaliyoombwa mashine inapoanzishwa, kabla prosesa yoyote haijaundwa.

Mahali pa kukaa muda mrefu zaidi ni pale maagizo ya mashine inayoigizwa yanapotafsiriwa. QEMU huyatafsiri kwa vipande kuwa maagizo ya kompyuta halisi, huvihifadhi vipande hivyo ili vitumike tena, na prosesa kadhaa huweza kutumia kipande kilekile. Iwapo uamuzi wa kufuatilia unafanywa wakati wa kutafsiri, kipande kilichotafsiriwa kwa ajili ya prosesa 0, ambayo tukio lake limezimwa, kitachukuliwa na prosesa 1, ambayo tukio lake limewashwa, na hakuna kitakachoandikwa. Mwaka 2017 QEMU ilitatua tatizo hilo kwa kuifanya hali ya ufuatiliaji kuwa sehemu ya ufunguo, yaani thamani inayotumika kutafutia vipande vilivyohifadhiwa, ili prosesa zenye hali tofauti zisitumie kipande kimoja. Pitia kila mahali ufunguo huo unapokokotolewa au kulinganishwa, kwa sababu pakisahaulika hata mahali pamoja tu, kosa linarudi. Amri ya kubadili hali nayo isubiri prosesa itoke katika kipande inachotekeleza, isiibadilishe hali hiyo kutoka uzi mwingine (mkondo mwingine wa kazi unaoendeshwa sambamba) katikati ya utekelezaji.

Majaribio yaliyopita huenda hayakugusa lolote kati ya hayo. Dai jaribio lenye prosesa mbili zinazotekeleza msimbo uleule, tukio likiwa limewashwa kwa ya pili peke yake, kisha libadilishwe kazi ikiendelea, na yaliyoandikwa yalinganishwe na yaliyotarajiwa.

Lipo swali moja la kumuuliza mwenzako kwa heshima, na ni bora liulizwe mapema: uwezo huu unahitajika kwa kazi gani? Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2019, QEMU ina programu-jalizi zinazoweza kuchunguza utekelezaji wa maagizo pamoja na namba ya prosesa iliyoyatekeleza, na mwaka 2023 mradi wenyewe uliondoa msimbo wa hali ya matukio kwa kila prosesa. Ikiwa mnaweza kuhamia toleo jipya, mimi ningeupendelea uhamisho huo kuliko kubeba mabadiliko haya. Ikiwa hamwezi, mwombe aandike sababu hiyo katika maelezo ya badiliko la kwanza, ili atakayeutunza msimbo baadaye aikute hapo.