Kina Ferguson wote ni ndugu? Majibu ya maswali yenu

Duncan Ferguson aliyekipiga Everton ni ndugu yake Sir Alex, yule kocha wa zamani wa Man United?
Hapana jamani, hawahusiani kabisa. Sir Alex kazaliwa Glasgow 1941, Duncan ni wa Stirling, 1971. Mwenye damu ya Sir Alex ni Darren, mwanawe wa kumzaa, kacheza chini ya babake pale Man United na medali ya ligi ya 1993 anayo.

Na Lewis Ferguson wa Bologna ya Italia?
Huyo ni ukoo mwingine wa mpira, babake Derek na baba mdogo Barry wote walikipiga Rangers, Lewis mwenyewe kanyanyua Coppa Italia 2025 akiwa kapteni.

Jina lina maana gani?
Mtoto wa Fergus, basi. Ni kama arap kwa Wakalenjin, na kina Fergus Scotland walikuwa wengi, ndo maana wajina ni wengi kuliko ndugu.

Lile trekta la Massey Ferguson ni la nani sasa?
Hili nililisubiri, maana kwangu huyu ndo Ferguson mkubwa kuliko wote hata Sir Alex akae pembeni. Anaitwa Harry, mtoto wa mkulima, kazaliwa 1884 Ireland Kaskazini, jina lilivuka na Waskoti waliohamia huko zamani. Mwaka 1909 karusha ndege aliyoiunda mwenyewe, wa kwanza kuruka Ireland, halafu akageukia mashamba. Zamani plau ilikuwa inaburutwa tu nyuma ya trekta, ikinasa kwenye jiwe au kisiki trekta linanyanyuka mbele linapinduka linamlalia dereva, watu wamekufa sana hivyo. Harry akaja na mikono mitatu ya kushikia plau, miwili chini mmoja juu, na haidroliki (nguvu ya mafuta yanayosukumwa) ya kuinyanyua, yani plau na trekta vinakuwa kitu kimoja na uzito wa plau unakandamiza matairi ya nyuma, kwa hiyo hata trekta dogo jepesi linalima bila kupinduka kirahisi. Ford walipoendelea kutumia ufundi wake bila makubaliano akawashtaki, 1952 wakamlipa dola milioni 9.25. Mwaka uliofuata kampuni yake ikaungana na kampuni nyingine ya matrekta, Massey-Harris, ndo hiyo Massey unayoiona mashambani kwetu. Ukikuta trekta limepaki, liwe la kampuni yoyote ile, zunguka nyuma uangalie, ile mikono mitatu karibu kila mara ipo.