Farasi aliyeokolewa ameanza kung'ata: nimpande lini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Wiki nane zilizopita nilipokea farasi jike wa makamo, aliyetelekezwa mpaka mbavu zikawa zinahesabika. Alipofika alikuwa mpole ajabu, unamshika popote na hasogei. Sasa amenawiri kidogo, lakini amebadilika. Nikimkaribia analaza masikio. Juzi nilimjaribishia tandiko, na nilipokaza mkanda akageuka kuning'ata. Akiguswa mguu wa nyuma anaunyakua na kurusha teke. Nia yangu ni kumtafutia mtu wa kumchukua moja kwa moja, na wote wanaouliza wanataka farasi wa kupanda. Je, ameharibika tabia? Nianze kumpanda lini?

JIBU: Marahaba. Hajaharibika. Farasi uliyempokea wiki nane zilizopita hakuwa mpole, alikuwa hana nguvu. Mnyama aliyemaliza mafuta na kuanza kula misuli yake mwenyewe hana cha kupingia. Ukimshika anasimama kwa sababu hawezi kufanya lingine. Huyu anayekulazia masikio leo ndiye farasi wako halisi, na kumfundisha ndiyo kwanza kunaanza.

Lakini kabla hujaiita tabia, tafuta maumivu. Hilo la mkanda linanitia wasiwasi kuliko teke. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, na kinachoipoza ni mate yanayotoka anapotafuna pamoja na majani yaliyomo tumboni. Farasi aliyeshinda njaa kwa muda mrefu hukosa vyote viwili, na sehemu ya juu ya tumbo, ambayo haina ute wa kuikinga, hupata vidonda. Mwenye vidonda hivyo, ukikaza mkanda, anaweza kugeuka kukung'ata. Daktari wa mifugo anaweza kupitisha kamera puani hadi tumboni akaviona, na dawa ipo.

Mgongo nao uukague. Pitisha kiganja kwa mkandamizo wa wastani pande zote mbili za uti, kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni. Akididimiza mgongo, akikaza misuli au akigeuza kichwa kwa ghafla, huenda pana kidonda au tandiko halimkai. Farasi aliyekonda hupoteza nyama ya mgongoni, kwa hiyo hata tandiko zuri humwangukia juu ya mifupa. Mwombe daktari atazame na meno. Ukiona anadondosha vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, huenda kingo za magego zimechongoka na zinamkata shavu na ulimi.

Mguu wa nyuma una maelezo mengine mawili. Kwanza, ukiinua mmoja, mwingine unabeba uzito wote, na farasi mwenye kiungo kinachouma au asiye na misuli ya nyonga hawezi kusimama hivyo. Pili, huenda kwato ziliachwa zikarefuka na zinamsumbua; kama ni hivyo, fundi wa kwato azirudishe kidogo kidogo, akija kila baada ya wiki 6 hadi 8. Akizikata zote kwa mkupuo, kano zilizozoea pembe ile mbaya zitavutika na farasi atachechemea.

Naomba niwape neno wasomaji wengine ambao farasi wao ndiyo kwanza wanashuka garini, maana hapa ndipo huruma inapoua. Usimjazie chakula, na nafaka usimpe kabisa. Wanga ukiingia kwa wingi, mwili hutoa insulini, nayo huvuta fosforasi, magneziamu na potasiamu kutoka kwenye damu na kuzipeleka ndani ya seli. Akiba ya madini hayo ilishakwisha, hivyo damu inabaki bila madini hayo, moyo na pumzi vinalegea, na farasi anaweza kuanguka siku chache tu baada ya kuanza kula vizuri. Kwa farasi mkubwa aliyekonda sana, anza na majani makavu ya lusini (alfalfa) kama nusu kilo kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 3 za mwanzo, kisha ongeza kiasi taratibu hadi karibu siku ya 10, daktari akiwa anamfuatilia. Dawa ya minyoo nayo isubiri kauli yake, baada ya kupima kinyesi. Na mtenge na farasi wengine kwa wiki 3 angalau, maana ugonjwa wa majipu ya koo husambaa kwa ndoo moja tu ya maji.

Sasa turudi kwa jike wako. Kupanda: bado. Sisi hutumia kipimo cha unene wa farasi alichotunga mtafiti Henneke mwaka 1983, kinachoanzia 1, yaani mifupa mitupu, hadi 9, aliyenenepa kupindukia. Mimi sipandishi mtu mgongoni mpaka farasi afike 5, au awe anaikaribia, na awe na nyama pande zote mbili za uti. Farasi aliyedhoofika sana huchukua miezi 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi, kurudi kwenye uzito wake, na misuli hufuata nyuma. Usidanganywe na tumbo lililojaa. Gusa mbavu, mabega na mapaja kwa mkono.

Muda huo wote una kazi ya kufanya ukiwa chini. Tuchukue mguu wa nyuma, baada ya daktari kukuhakikishia kwamba hauumi. Simama begani, uso ukielekea mkiani, mkono mmoja umeshika kamba ya kichwa. Mkono wa pili usianze na mguu. Chukua fimbo ndefu iliyovishwa glavu iliyojazwa nguo laini, umpapase nayo kutoka mgongoni kushuka kwenye paja. Kuna mahali utaona ngozi inatetema na mkia unabanwa. Simama hapo hapo. Usisonge mbele, usirudi nyuma. Msubiri mpaka ashushe kichwa, alambe midomo au apumue kwa kishindo, kisha ondoa fimbo mara moja. Kuondoa ndiyo zawadi yake. Ukiiondoa wakati anarusha teke umemfundisha kwamba teke linafanya kazi. Ndiyo maana natumia fimbo ndefu, ili teke lipite hewani na glavu ibaki palepale.

Akizoea fimbo, ingia mkono, ukiwa umesimama karibu na mwili wake na si nyuma yake. Inua mguu chini chini, sekunde moja, na uushushe wewe kabla yeye hajaunyakua. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Upande wa kulia uuanze upya, kwa sababu alichojifunza kushoto si lazima kimwingie kulia.

Masikio, kwanza angalia yanalala saa ngapi. Kama ni wakati wa chakula tu, huyo analinda chakula, na aliyekufa njaa ana haki ya kukilinda. Nyasi ziwepo muda wote, kwenye mafungu mawili au matatu, na acha kumlisha mkononi. Wengi hutulia wanapoona chakula hakikatiki.

Mgongo ukiwa tayari, mtembeze kwa kamba kwanza kwa wiki kadhaa, kwenye miinuko na kuvuka magogo, ndipo tandiko lililopimwa upya lirudi. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa huyu anayejijenga ningekaa chini ya hapo, tena kwa kutembea tu.

Kuhusu wanaouliza farasi wa kupanda, usikimbizane nao. Farasi hudumu kwa mtu mpya kama anakamatika malishoni, anaongozwa, anafungwa, anainuliwa miguu, anapanda gari na anapigwa sindano, na yote hayo yanafanywa na mtu asiyemjua. Huo ndio mtihani. Waite watu watatu au wanne tofauti, wake kwa waume, kila mmoja afanye kazi hiyo wewe ukiwa nje ya uzio. Kama anakukubali wewe peke yako, hajawa tayari kuondoka.

Anayemtaka aje mara kadhaa, amsafishe na kumwinua miguu mwenyewe. Mwambie yote, pamoja na habari ya mkanda na teke. Ukificha, farasi ndiye atakayeadhibiwa. Daktari akisema hatapandika tena, mtafutie mwenye farasi mmoja aliye mpweke, kwani hawa ni wanyama wa kundi na mwenza ni hitaji la kweli. Vyovyote vile, mkataba useme haruhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu mwingine, na akishindikana, wakati wowote, anarudi kwako.