Jibu: Kununua bunduki kwa mnada wa mtandaoni Marekani ukiwa na grini kadi

Mkuu, umeeleza kwamba uko Columbus, Ohio, una grini kadi, na umeona Marlin 336, bunduki ndefu ya leva, inapigwa mnada GunBroker, tovuti ya minada ya silaha, na mtu binafsi aliye Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Unataka kujua kama unaruhusiwa, itakufikiaje, na utatambuaje kama si kanyaboya. Nitajibu kwa kufuata njia ya hela yako, maana wengi huweka dau kwanza, sheria wanaiuliza baadaye, na hela inapotelea hapo.

Unaruhusiwa. Sheria ya shirikisho inamkubali mkazi wa kudumu: miaka 18 kwa bunduki ndefu, 21 kwa bastola, ukinunua kupitia muuza silaha mwenye leseni. Aliye kwa viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, kwa kawaida amezuiwa, isipokuwa misamaha michache kama wa mwenye leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi hata kuishika. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kumpiga mwenza wake amezuiwa, hata kama kosa lilikuwa dogo. Na bangi: Ohio imeihalalisha tangu Desemba 2023, lakini fomu utakayojaza ni ya shirikisho, nayo inaonya wazi kwamba ruhusa ya jimbo haikuokoi. Ukidanganya hapo, wewe mwenye grini kadi una zaidi ya jela ya kuogopa, kwa sababu kesi ya silaha ni mojawapo ya mambo yanayomfukuzisha mtu nchini.

Jambo moja linawaponza watu wetu kwa sababu ya undugu. Jamaa asiye na karatasi, au mwenye kesi, anakupa dola 600 umnunulie kwa jina lako. Usikubali, hata akiwa shemeji. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na tangu 2022 kumnunulia mtu namna hiyo kuna sheria yake yenye kifungo cha hadi miaka 15. Zawadi uliyonunua kwa hela yako kumpa mtu anayeruhusiwa ni jambo jingine, halina shida.

Sasa itafikaje. Haiji nyumbani. Tangu sheria ya mwaka 1968, bunduki ya kisasa ikivuka mpaka wa jimbo kwenda kwa mtu wa kawaida lazima ipitie kwa mwenye leseni, wale wanaoitwa FFL. Kutoka Columbus hadi Pittsburgh ni mwendo wa kama saa tatu, na muuzaji anaweza kukwambia, "Njoo tukutane njiani, nikupe." Hilo ni kosa la shirikisho kwenu wote wawili. Kwa kuwa hii ni bunduki ndefu, mnaweza kukutana kwenye duka lenye leseni huko huko Pennsylvania na kukamilisha kwa kufuata sheria za majimbo yote mawili. Ingekuwa bastola, ni lazima uipokelee Ohio. Muuzaji anayejitolea kukutumia hadi mlangoni ama ni mwizi ama anakutia kesini, hakuna cha tatu.

Kwa hiyo, kabla ya dau, tafuta duka la kukupokelea. Piga simu, usitegemee orodha ya mtandaoni peke yake, kwa sababu huwa na maduka yaliyokwisha kufungwa. Uliza kwanza kama wanapokea mzigo kutoka kwa mtu asiye na leseni, maana maduka mengi hukataa. Kama wanakataa, muuzaji wako atalazimika kutuma kupitia duka la kwao, na hiyo ni ada nyingine. Hata hivyo kampuni za kusafirisha mizigo, UPS na FedEx, hazipokei bunduki kutoka kwa mtu asiye na leseni, hivyo wauzaji binafsi wengi huishia huko huko dukani. Uliza pia ada ya kukukabidhi, mara nyingi kati ya dola 25 na 50, na kama wana ada zaidi kwa bunduki ambayo hukuinunua kwao. Mwisho waombe watume nakala ya leseni yao kwa muuzaji utakapokuwa umeshinda. Ndani ya boksi kuwe na karatasi yenye jina lako, simu yako, namba ya mnada na nakala ya kitambulisho cha mtumaji. Boksi lisilo na karatasi hiyo hukaa stoo wiki nzima bila mtu kujua ni la nani.

Suala la majina nalirefusha kidogo kwa sababu linatugusa sisi hasa. Fomu inaitwa 4473, ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, na inataka jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na jina la kati. Majina yetu ni matatu yanayofuatana, lako, la baba, la babu, na ofisi za huku huyapanga zitakavyo. Unakuta grini kadi inasema Juma Ali Hassan, leseni ya udereva inasema Juma A. Hassan, na karatasi ya zamani ilimgeuza Ali kuwa jina la ukoo. Ukaguzi wa FBI wa rekodi za mnunuzi, NICS, hutafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na jina lenye watu maelfu hugongana na la mtu mwenye rekodi. Jibu linatoka "subiri." Kwa hiyo nyoosha majina kwenye leseni ya udereva mapema. Anwani iwe ya unapoishi leo. Kama umehama, nenda na hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, mfano usajili wa gari. Beba grini kadi, maana namba yako ya uhamiaji inahitajika kwenye fomu. Namba ya Social Security si lazima, lakini ijaze, inakutenganisha na yule mwenye jina kama lako. Na kama kila mara unasubirishwa, omba FBI wakuweke kwenye faili la hiari la rufaa. Ukikubaliwa unapewa namba ya UPIN ya kuandika kwenye fomu siku nyingine, na kusubirishwa kwa sababu ya jina kunapungua sana.

Mnada wenyewe. Kuvizia sekunde ya mwisho GunBroker hakufanyi kazi: dau likiingia ndani ya dakika 15 za mwisho, saa inasogezwa mpaka zipite dakika 15 bila dau jipya. Unaandika kiwango chako cha juu, mfumo unakupandishia kidogo kidogo pale tu mwingine anapokuzidi. Basi weka kiwango chako halisi mara moja, uende ukalale. Mashindano ya usiku wa manane ndiyo humfanya mtu alipe bunduki ya kawaida kwa bei ya bunduki ya makumbusho. Angalia pia kama kuna bei ya chini iliyofichwa: hapo unaweza kuongoza hadi mwisho na usishinde.

Bei halisi usiitafute kwenye minada inayoendelea. Ingia kwenye minada iliyokwisha, chuja zilizouzwa kweli, linganisha kumi za aina yako. Kisha piga hesabu ya mzigo mzima. Dau dola 500, usafirishaji 40, jumla 540. Muuzaji anaongeza asilimia 3 ya kadi, 16.20. Kodi ya mauzo tuseme asilimia 7, 37.80. Duka lako 35. Umefika 629. Kama ndani ya mji wako ipo dukani kwa 600, hukupata kitu.

Sasa hiyo Marlin, maana picha ndizo zitakazokuuzia au kukuokoa. Muuzaji anasema ni ya "zamani, kabla ya Remington." Remington ilichukua kampuni ya Marlin miaka ya 2007 na 2008, na watu hulipa zaidi kwa za kabla ya hapo. Ushahidi uko kwenye mtutu, upande wa kushoto, karibu unapoingia kwenye mwili wa bunduki: herufi JM ndani ya yai dogo. Alama REP upande wa kulia ni ya Remington. Namba ya bunduki nayo inasema: kwa zilizotengenezwa kuanzia 1973 hadi 2000, chukua tarakimu mbili za mwanzo uziondoe kutoka 2000. Ikianza na 19 ni ya 1981, ikianza na 22 ni ya 1978. Zile za 1983 na kuendelea zina kitufe cha usalama kinachopita upande hadi upande juu ya kifyatulio. Sasa ukiona anasema ni ya 1978 na kitufe kipo, kuna mtu amekosea au anadanganya.

Omba picha ambazo hakuweka. Vichwa vya skrubu kwa karibu: mifereji iliyotafunwa inaonyesha imefunguliwa na bisibisi isiyo yake, na aliyefungua hivyo huenda amegusa vya ndani. Mbao nyuma tu ya chuma cha juu, pale mkono unaposhika: ufa mwembamba kama unywele huanzia hapo na hukua kila ukipiga. Mdomo wa mtutu. Ndani ya mtutu ukiwa na taa upande wa pili. Herufi zilizochongwa: zikiwa zimelainika na kingo za chuma zimeviringika, imesuguliwa na kupakwa rangi upya, hata ing'ae vipi. Na omba picha moja ya bunduki pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lake la GunBroker kwa mwandiko wa mkono. Mwenye mali anaipiga kwa dakika mbili, aliyeiba picha za mtu atakuja na hadithi.

Soma sharti la kurudisha. Wengi huandika siku tatu za kukagua, wengine wanauza kama ilivyo bila kurudisha. Angalia pia historia ya akaunti: sifa nyingi za miaka ya nyuma, kisha kimya, halafu ghafla bunduki ishirini za bei ya kutupa, hiyo imetekwa.

Malipo: kadi ya benki ya mkopo ndiyo inayokupa pa kulalamikia, hata ukilipa ile asilimia 3. Hawala ya posta nayo inakubalika sana, tunza kipande chake. Zelle (kutuma hela kwa simu moja kwa moja kutoka benki) au sarafu za kidijitali kwa mtu usiyemjua zikishaondoka hazirudi. Akikwambia mmalizane nje ya tovuti kwa bei nafuu, acha. Kama anasema ana leseni, ingiza tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho za namba yake kwenye ukurasa wa eZ Check wa ATF, na jina na anwani vifanane na nakala aliyokutumia.

Siku ya kuchukua, boksi lifunguliwe mbele yako, na usishike kalamu bado. Mpaka hapo unaweza kusema hapana, na duka linairudisha. Ukishajaza 4473, ukapita na kukabidhiwa, bunduki ni yako, na karibu muuzaji yeyote atakataa kuipokea. Linganisha namba na zile za picha. Angalia kama kitako kimepasuka safarini. Kisha mwombe mwenye duka apitishe risasi bandia za mazoezi tano au sita mwenyewe. Marlin hizi zina ugonjwa wao: ukingo wa leva, ule mkono wa chini unaouvuta kupakia, huchimba kibebea risasi taratibu kwa miaka, hadi risasi ya pili inateleza chini yake na leva inakwama katikati, haipandi wala haishuki. Ikikwama pale kaunta, piga picha, mwandikie muuzaji kabla hujatoka dukani, na mwenye duka aifunge kwenye boksi lile lile.

Ikipita vizuri, jaza fomu. Jibu la NICS likiwa "endelea," unaondoka nayo, Ohio haina siku za kungoja. Likiwa "subiri," duka linaruhusiwa na sheria ya shirikisho kukupa baada ya siku tatu za kazi bila jibu, lakini halilazimiki, na mengine hungoja hadi jibu lije. Ukaguzi wenyewe unadumu siku 30, baada ya hapo unaanza upya. Aliye chini ya miaka 21 anaweza kungojeshwa hadi siku kumi za kazi.