Kabla jino halijang'olewa, mwambie daktari habari za moyo wako

Damu ikionekana kwenye povu la dawa ya meno, wengi huacha kuswaki upande ule. Ni kinyume kabisa. Fizi inavuja damu kwa sababu ukoga umejikusanya pale jino linapoingia kwenye fizi. Ukikaa siku chache unakuwa mgumu kama chokaa, mswaki hauutoi tena. Fizi inavimba, inaachana na jino, panabaki kimfuko. Daktari wa meno hukipima kwa kijiti chenye alama za milimita: hadi 3 ni kawaida, kuanzia 4 na fizi inavuja damu, hapo kuna ugonjwa. Humo ndani hewa ni haba, na bakteria kama Porphyromonas gingivalis ndiko wanakostawi.

Fizi iliyochubuka ni njia. Ukitafuna au ukiswaki, bakteria wanaingia kwenye damu, na kwa mtu mwenye moyo mzima kinga huwamaliza haraka. Hatari ni kwa mwenye valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, iliyoharibika au ya bandia. Damu ikipita pale kwa msukosuko, hujengeka utando mwembamba wa damu iliyoganda, na bakteria wa kinywani waitwao streptokoka hunata hapo na kuzaliana. Ugonjwa huo ni endokaditisi. Shambulio la moyo ni habari nyingine: wenye ugonjwa wa fizi hulipata zaidi, lakini haijathibitishwa kwamba kutibu fizi kunalizuia. Asikudanganye mtu uache dawa ya presha kwa sababu meno yako ni safi.

Hapa Dar wapo watu wazima wengi ambao valvu zao ziliharibiwa na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Wengine wamebadilishiwa valvu pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Ukiwa na tatizo la valvu, sema kabla daktari wa meno hajashika koleo. Mwenye valvu ya bandia, aliyewahi kuugua endokaditisi, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo hupewa amoksilini gramu 2 kwa mkupuo, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa jino au kukwanguliwa ukoga. Ndiyo, ni vidonge vinne vya miligramu 500 kwa wakati mmoja. Mtoto ni miligramu 50 kwa kila kilo, bila kuzidi gramu 2. Aandike daktari, usijinunulie, na kama una mzio wa penisilini mwambie. Anayechomwa sindano ya penisilini kila mwezi asidhani inatosha: bakteria wa kinywa chake huenda wameshaizoea, hivyo huchaguliwa dawa ya kundi jingine. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiache mwenyewe. Apime INR kwanza, kipimo cha kasi ya damu kuganda.

Nyumbani, mswaki uwe laini. Ule mgumu hata kwa Mangi upo, lakini unachubua. Uinamishe uelekee kwenye fizi kwa pembe ya nyuzi 45, sugua kwa miduara midogo dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Tema povu, usisukutue kwa maji. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Kijiti cha kiberiti kinajeruhi fizi. Ukifanya hivi damu hupungua ndani ya wiki mbili. Isipopungua, nenda ukakwanguliwe.

Kosa linalotuumiza zaidi ni hili. Mgonjwa wa valvu anapata homa, anatokwa jasho usiku, anakonda, na huenda ni endokaditisi. Anapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha antibayotiki ya duka la dawa. Homa inashuka siku mbili, inarudi, na antibayotiki ile imeshaficha mdudu, kipimo cha damu hakioni kitu. Homa isiyoeleweka kwa mtu huyu ianze na kuoteshwa damu maabara ili bakteria waonekane, chupa zichukuliwe mara tatu kutoka sehemu tofauti, ndipo dawa ianze, kwani matibabu kwa kawaida ni ya mshipa kwa wiki 4 hadi 6.