Nani anashika bakuli?

Wiki hii mmeuliza: je, mzazi amruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kurekodi muziki wa kulipwa? Mimi nasema amruhusu. Naandika kutoka Lindi mjini, nina binti wa miaka 15 anayeimba, na karatasi ya studio moja ya Mtwara iko juu ya cherehani yangu wiki ya pili sasa, bado sijaitia saini.

Nianzie nyuma kidogo. Mwaka 2000 kaka yangu alikuwa utingo wa lori la Dar. Daraja la Mkapa lilikuwa halijafunguliwa, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea lori lililala njiani siku kadhaa. Katika safari mojawapo aliniletea kanda ya Britney Spears, mwimbaji wa Marekani. Nilikuwa na miaka 16, na yeye alikuwa na umri huohuo wimbo wake wa kwanza ulipotoka, Oktoba 1998. Kiingereza chake sikukielewa. Nilichoelewa ni kwamba binti wa rika langu anaimba na dunia imetega sikio. Niliicheza kanda ile mpaka utepe ukakatika, nikauunga kwa selotepu, nikaendelea.

Mwaka uliofuata niliingia kikundi cha taarabu hapa hapa. Kwenye maharusi kina mama walinitunza sana, noti nyingine walinibandika kwenye paji la uso jasho likinitiririka. Kiongozi wa kikundi alipita nyuma yangu na bakuli, akizichukua moja moja. Alisema tutagawana baadaye. Katika miaka miwili nilipata doti mbili za kanga na nauli. Marehemu mama alipokwenda kuuliza, aliambiwa: "Mwanao bado mdogo, pesa itamharibu. Mimi namtunzia."

Ndiyo maana habari za Britney nimezifuatilia miaka yote hii kama za ndugu. Watu humtaja kila wanapotaka kusema umaarufu wa utotoni unaharibu mtoto. Kweli alianza mapema. Alizaliwa Desemba 1981, akakulia Kentwood, mji mdogo wa Louisiana, akiwa na miaka 11 alikuwa tayari kwenye kipindi cha watoto cha televisheni, na akiwa na miaka 16 akapelekwa Stockholm, Sweden, kurekodi. Lakini tazameni jambo lililompata lilimpata lini.

Februari 2008 mahakama ya Los Angeles ilimweka chini ya usimamizi wa baba yake, yeye mwenyewe pamoja na mali yake. Alikuwa na miaka 26, mama wa watoto wawili. Walisema hali yake haimruhusu kuendesha mambo yake. Sikatai kwamba alikuwa mgonjwa wakati ule, na mgonjwa huuguzwa. Ila Desemba ya mwaka huohuo alitoa albamu mpya. Mwaka 2009 akazunguka nchi na nchi kwa maonyesho. Mwaka 2012 alikaa kiti cha jaji kwenye The X Factor, shindano la kuimba la televisheni, akipima vipaji vya wenzake. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi mwishoni mwa 2017 alikuwa akipanda jukwaani Las Vegas. Huyo ndiye aliyeambiwa hawezi kushika pesa yake! Baba alilipwa mshahara wa dola 16,000 kwa mwezi kutoka mali ya binti yake, na binti akapewa posho ya dola 2,000 kwa wiki.

Usimamizi ule ulidumu miaka 13. Juni 23, 2021 alimweleza hakimu kwa kinywa chake kwamba alilazimishwa kufanya kazi na kwamba hakuruhusiwa hata kuamua kuhusu uzazi wake. Septemba baba akasimamishwa, na Novemba 12 mahakama ikaufuta usimamizi wote. Zilibaki wiki chache atimize miaka 40. Niliposoma kwamba yote yalifanywa kwa faida yake, nililiona lile bakuli.

Na California haikukosa sheria. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya 1921, alichuma mamilioni, na alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Akawashitaki mwaka 1938, na mwaka 1939 ikapitishwa sheria ya kulinda kipato cha watoto wasanii. Siku hizi asilimia 15 ya malipo ya mtoto huwekwa kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi. Sheria nzuri, naitamani kwetu. Lakini humlinda mtoto, na Britney alifungiwa mali yake akiwa mtu mzima.

Kwetu kusini tunalo letu la namna hii. Msichana akitoka unyagoni anaambiwa amekua, anapigiwa vigelegele, anafundishwa kujiheshimu. Akipata pesa, mkubwa wa watu huyo anageuka mtoto tena, na mjomba ndiye wa kuipokea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto hadi miaka 18, na inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Kwa hiyo kuimba si kosa. Ninachotaka kujua ni bakuli linashikwa na nani, na mpaka lini.

Kaka yangu, yule yule wa kanda, aliisoma karatasi ya studio akaniambia, "Dada, tia saini tu, za mtoto nitasimamia mimi." Nampenda kaka yangu, na najua hana nia mbaya. Nilimjibu kwamba hata baba wa Britney alikuwa baba. Alinyamaza, tukanywa chai.

Kijana wa studio akirudi nitamwomba aandike upya. Wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina la mwanangu. Malipo yaingie akaunti ya mtoto, na kila mwezi hesabu isomwe akiwepo mwenyewe. Na iandikwe wazi kwamba siku anayotimiza miaka 18, mamlaka yangu na ya mjomba wake yanakoma bila kuombwa. Akikataa, mwanangu ataendelea kuimba harusini.

Jumamosi iliyopita aliimba harusi moja Mtanda. Alitunzwa vizuri. Tuliporudi nilimwambia azihesabu mwenyewe mezani, mjomba wake akiwepo. Zilikuwa shilingi 41,500. Akaandika kwenye daftari lake, akaweka tarehe, halafu akatoa elfu mbili akampa mjomba nauli ya bodaboda.