Mbona kuondoa ushuru wa mkate hakukutosha?

Swali: Nafundisha Historia na Serikali. Juni 2024 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa mkate na wa magari kwenye Mswada wa Fedha (mswada wa kila mwaka wa kubadili ushuru), lakini maandamano yakazidi. Wanafunzi wanauliza: si kulegeza msimamo ndiko huleta maelewano? – Mwalimu, Nakuru

Jibu: Mwalimu, kulegeza husaidia ukimlegezea yule mnayevutana naye, tena kwa jambo analolidai. Hapa yote mawili yalikosekana.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari ziliondolewa tarehe 18 Juni. Si ajabu kwenye miswada ya ushuru kipengele kikali kutangulizwa ili kikiondolewa mbunge apate la kuwaambia watu wake. (Sisemi ndivyo Hazina, yaani wizara ya fedha, ilivyokusudia.) Bungeni mambo yalikwenda sawa: siku mbili baadaye mswada ukavuka hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Lakini vijana walioko barabarani walitaka mswada wote utupwe, na hawakuwa na kiongozi wa kuitwa Ikulu akarudi na makubaliano. Kipengele kilichoondolewa kiliwaonyesha tu kwamba shinikizo linafanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Kenya, ushuru na matumizi huwa na miswada tofauti. Mswada wa Fedha ukianguka, sheria za ushuru zilizopo zinaendelea kama kawaida. Marekani, bunge lisipoidhinisha matumizi kwa wakati, ofisi za serikali hufungwa, kwa hiyo pande zote huwa na la kupoteza. Mwandamanaji wa Nairobi hakupoteza kitu mazungumzo yakivunjika. Aliyebaki na pengo la mapato la shilingi bilioni 346 ni Hazina. Ningekuwa na dakika tano tu za kipindi, ningezitumia hapo.

Tarehe 26 Juni Rais Ruto alikataa kuutia saini mswada huo, akapendekeza vipengele vyote vifutwe. Tarehe 5 Julai akaligawa pengo: bilioni 177 zikatwe kwenye matumizi, bilioni 169 zikopwe. Waulize wanafunzi nani atalipa hizo za pili, na kwa ushuru upi. Desemba mwaka huohuo, barabara zikiwa zimetulia, baadhi ya vipengele vya mswada ule vilirudi kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru.