Maswali ya Wasomaji: Karata ya Mtu Aliyening'inizwa

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mfanyakazi wa usafi katika nyumba ya wageni. Nilipokuwa nikitandika kitanda baada ya mgeni kuondoka, niliokota karata kubwa kuliko za kawaida, yenye picha ya kijana aliyefungwa mguu mmoja akaning'inizwa kichwa chini. Juu pana namba ya Kirumi XII. Mwenzangu anasema ni karata ya kupigia ramli, na kwamba anayeiokota atafikwa na msiba. Je, maana yake ni nini, na niifanye nini?
Msomaji wa Jambiani, Unguja

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Hiyo ni karata ya taroti. Seti kamili ina karata 78, nazo 22 kati yake ni karata kuu zenye picha za mafumbo. 56 zilizobaki ni za vikombe, sarafu, panga na fimbo, ambazo kila mcheza karata wa barazani atazitambua kuwa ni jamaa za kopa, uru, shupaza na pau. Yako ni ya kumi na mbili katika zile kuu, Mtu Aliyening'inizwa, na inayojulikana zaidi ni ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ikachapishwa London mwaka 1909.

Ikiwa ni hiyo, itazame tena, na safari hii uanze na uso. Kamba imefungwa mguuni, si shingoni. Mti una umbo la herufi T, tena ni mti mbichi uliochipua majani. Mguu wa pili umekunjwa nyuma ya ule uliofungwa, mikono iko mgongoni, na kichwa kimezungukwa na duara la nuru ya manjano. Uso umetulia kabisa. Waite mwenyewe alieleza kuwa uso huo ni wa mtu aliyezama katika fikra, wala si wa mtu anayeteswa, na kwamba picha inahusu uhai uliositishwa kwa muda, si mauti. Anayesema kuwa karata hii ni ya msiba ameiona kamba tu.

Hofu ya mwenzako, hata hivyo, haikuzuka hivihivi. Taroti ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, nayo ilikuwa karata za kuchezea. Waitalia wa zamani waliiita picha hii Msaliti, kwa kuwa katika miji yao ilikuwa desturi kumfedhehesha msaliti kwa kumchora ukutani, mbele ya watu wote, akining'inia kwa mguu. Mwaka 1412 Yohana XXIII, mmoja wa waliodai upapa wakati huo, aliamuru jemadari Muzio Attendolo Sforza achorwe hivyo. Mtoto wake, Francesco, alikuja kuwa mtawala wa Milan mwaka 1450, na katika karata za fahari zilizochorwa kwa ajili ya ukoo huo imo picha hiyohiyo ya fedheha. Katika karata nyingine za kale mtu huyo ameshika mifuko ya fedha, kana kwamba ni malipo ya usaliti wake.

Waliokuja kuigeuza aibu hiyo kuwa fumbo la kiroho ni watu wa elimu za siri. Waite na Smith walikuwa wanachama wa Golden Dawn, chama cha siri cha Uingereza ambacho nembo yake ilikuwa msalaba juu ya pembetatu. Na baadhi ya wafasiri husema kuwa miguu ya mtu huyu hufanya msalaba na mikono yake hufanya pembetatu, yaani nuru inayoshuka gizani ili kulikomboa giza. Chama hicho kiliiambatanisha karata na herufi Mem ya Kiebrania na asili ya maji, mojawapo ya zile asili nne za wahenga: moto, hewa, maji na udongo. Wewe uliyepita chuoni utaijua Mem kwa dada yake, Mim, na kwa hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi namba yake, zote mbili ni 40. Lakini usizichanganye elimu hizi, kwa sababu katika mgawanyo wa herufi uliozoeleka kwa Waislamu wa kale, Mim huhesabiwa miongoni mwa herufi za moto.

Nionavyo mimi, kiini cha karata hii ni hiari. Waite aliipa maana za hekima, majaribu na kafara. Ikipinduliwa aliipa ubinafsi. Maana hizo mbili ziko karibu kuliko zinavyoonekana, kwa sababu kutulia kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko nafsi na kujitesa ili watu wakuone vinaweza kufanana kwa nje, na ni nia tu inayovitenganisha. Mtu huyu amekubali kusimama, naye amepata nuru kichwani pale alipoacha kujitapatapa.

Kuhusu ramli, Sura ya Al-Maida, aya ya 90, imekataza mishale ya kupigia bao, na sina la kuongeza. Kujua maana ya picha ni jambo jingine. Karata usiichome, kwa kuwa ni mali ya mtu, na seti yake sasa ina 77. Ipeleke mapokezi ili mgeni atafutwe.

SWALI: Je, ni kweli kuwa taroti ni elimu ya Misri ya Mafirauni?
Msomaji wa Wete, Pemba

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Dai hilo lilienezwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka 41 kabla ya msomi Champollion, Mfaransa mwenzake, kufumbua maandishi ya kale ya Kimisri mwaka 1822. Kuhusu Mtu Aliyening'inizwa alidai kuwa mchapaji mjinga aliipindua picha, na kwamba asili yake ni mtu aliyesimama, ameinua mguu mmoja kwa hadhari. Lililo kweli ni kwamba karata za kuchezea ziliingia Ulaya kutoka kwa Waislamu, na seti ya zama za Wamamluki wa Misri imehifadhiwa katika Jumba la Topkapı, Istanbul. Ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, pamoja na maandishi ya Kiarabu, lakini haina picha ya mtu hata mmoja.